Steki Imetoka Sehemu Gani ya Ng'ombe?

Katika bucha nyingi nchini, nyama ya ng'ombe huuzwa kwa majina mawili: mchanganyiko, yaani nyama yenye mifupa, na steki, yaani nyama isiyo na mfupa. Kwa kuwa steki huuzwa kwa bei ya juu zaidi, walaji wengi huamini kuwa lazima iwe laini. Sivyo. Jina hilo hueleza tu kwamba mfupa umeondolewa. Halielezi nyama ilikokatwa.

Kanuni ni moja: msuli unaofanya kazi nyingi huwa mgumu, na unaofanya kazi kidogo huwa laini. Shingo hubeba kichwa, nayo mabega na miguu hubeba mwili. Kwa maksai wa kulima, nira hukaa shingoni, mbele ya nundu, hivyo nyama ya hapo huwa ngumu zaidi. Salala hutoka mgongoni, na fileti hukaa chini ya uti wa mgongo, kiunoni, mahali pasipo na kazi kubwa. Hizi ndizo laini kuliko zote. Nyama ya paja haina mafuta mengi na ugumu wake ni wa kadiri. Kidari na mbavu vina mafuta na nyuzi ngumu, na muundi una kano nyingi.

Ugumu si ubovu. Shingo, kidari na muundi vikichemshwa kwa moto mdogo kwa saa mbili au tatu, nyuzi zake hulainika na kuupa mchuzi uzito na ladha. Salala na fileti hufaa kukaangwa au kuchomwa kwa muda mfupi; zikipikwa mno hukauka. Mlaji wa Daudi na maeneo mengine ya nyanda za juu za Mbulu akumbuke pia kwamba katika mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka kwenye takribani nyuzi joto 94 za Selsiasi, si 100. Kwa hiyo nyama ngumu huhitaji muda mrefu zaidi jikoni, na kuni au mkaa zaidi.

Tunamshauri mlaji atangulie kuamua atapika nini, kisha aitaje sehemu anayoitaka kabla kisu hakijashuka. Anayepika supu hana sababu ya kulipa bei ya steki, na anayelipa bei ya steki ana haki ya kuuliza imetoka wapi.

Aidha, aangalie mhuri wa mkaguzi kwenye nyama iliyotundikwa, ahakikishe mizani inasoma sifuri kabla ya kupima, na adai risiti. Akitilia shaka usalama wa nyama, amwone afisa mifugo wa kata. Akitilia shaka uzito, atoe taarifa kwa Wakala wa Vipimo.