Nani Alituambia Wale ni Wadudu?

Mwaka jana nikiwa TP nilifundisha historia kidato cha tatu, mada ya wakoloni kuingia Afrika. Niliandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi: walihitaji malighafi, walihitaji masoko, walihitaji pa kuwekeza mitaji, walihitaji makazi kwa ajili ya watu wao waliozidi. Hoja nne, kila hoja na maelezo yake, mtihani ukija unamwaga. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hizi ni sababu au ni visingizio?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka kidogo, nikamwambia tutarudi hapo. Hatukurudi. Kengele ililia, wiki zikaisha, nikafungasha andalio langu la somo nikarudi chuo.

Kilichonirudisha kwenye swali lile ni muvi. Hosteli, laptop moja, watu sita tumebanana kitandani, tunaangalia Starship Troopers ya mwaka 1997. Wanajeshi vijana, wazuri kama wa matangazo ya dawa ya meno, wanatua kwenye sayari ya wadudu wakubwa kuliko ng'ombe, na kila mdudu akipasuliwa tunapiga kelele. Mwishoni anakamatwa mdudu mnene, yule anayefikiri kwa niaba ya wenzake. Afisa mmoja mwenye kipaji cha kusoma akili anamwekea mkono, kisha anatangaza kwamba anaogopa. Jeshi zima linalipuka kwa furaha. Na sisi kitandani tukalipuka. Ndipo jamaa yangu mmoja, mtu wa Iringa, akasema taratibu: "Lakini si walikuwa kwao?"

Tukanyamaza wote. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma hadithi za aina hii kila nikipata nafasi, na makala haya ni jaribio la kueleza zinahusu nini hasa. Watu wengi wanadhani ni mabomu na vyombo vya anga tu. Mimi naona ni mahali ambapo watu wamekuwa wakibishana kwa zaidi ya miaka mia moja kuhusu swali la kijana wa dawati la nyuma.

Swali la zamani kuliko roketi

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1539 padri mmoja wa Kihispania, Francisco de Vitoria, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Salamanca akiuliza: Hispania ina haki gani ya kuwatawala watu wa Amerika? Wakati huo dhahabu ilikuwa inamiminika Ulaya, kwa hiyo halikuwa swali la kufurahisha wakubwa. Vitoria alijibu kwamba wale watu walikuwa wamiliki halali wa ardhi yao kabla Wahispania hawajafika. Papa hawezi kugawa kisicho chake. Mfalme si bwana wa dunia nzima. Na kuhusu ile hoja ya "tuliigundua sisi", alisema haina uzito kuliko ambavyo ingekuwa nayo kama wao ndio wangetugundua sisi.

Hapo shikilia, maana ndicho kipimo cha kwanza: geuza. Ukitaka kujua kama sababu ni sababu, mpe mwenzako aitumie dhidi yako, uone kama bado utaiita sababu.

Lakini Vitoria huyohuyo aliacha mlango wa nyuma wazi. Alisema wageni wana haki ya kusafiri, kufanya biashara na kuhubiri, na wenyeji wakizuia kwa nguvu, vita vinaweza kuwa vya haki. Mnaona wenyewe mlango huo ulivyo mpana. Unaingia kama mfanyabiashara, unazuiwa, unarudi na mizinga, na kwenye karatasi wewe ndiye uliyeonewa.

Mwandishi aliyegeuza meza

Aliyekifanya kipimo cha "geuza" kuwa hadithi ni Mwingereza H. G. Wells, katika The War of the Worlds, kitabu kilichotoka mwaka 1898. Viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanatua karibu na mji wa Woking, kusini mwa Uingereza. Wana mashine zinazotembea kwa miguu mitatu, miale ya moto na moshi wenye sumu. Jeshi la dola kubwa kuliko zote duniani linakuwa kama watoto wenye manati. Na mwanzoni kabisa, kabla vita havijaanza, msimulizi anawaonya wasomaji wake wasikimbilie kuwahukumu wageni hao, akiwakumbusha walichofanyiwa wenyeji wa Tasmania na wahamiaji wa Kizungu, mauaji yaliyowapukutisha ndani ya miaka hamsini. (Vizazi vyao vipo hadi leo, hilo Wells hakulisema.)

Sasa angalia mwaka. Julai ya mwaka huohuo wa 1898, Mtwa Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani. Miaka saba nyuma, Agosti 1891, watu wake walikuwa wameiangamiza safu ya Zelewski pale Lugalo. Wajerumani wakarudi na mizinga, na mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Alipokufa walimkata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulidai fuvu lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954.

Kwa hiyo jambo ambalo Mwingereza alilisoma kama jinamizi la kubuni, Uheheni lilikuwa habari ya mwaka huo. Ndiyo maana jamaa yangu hakuhitaji kusoma Wells ili aulize lile swali lake. Fuvu lenyewe linafundisha jambo: ukishaamua kwamba fulani si mtu kamili, hata kifo chake hakimalizi kazi, anabaki kuwa sampuli. Kwenye ile muvi pia, yule mdudu aliyekamatwa anapelekwa kwa wanasayansi wakamtoboetoboe, na inatangazwa kama habari njema.

Upande wa pili una hoja zake

Tusiwe wepesi. Kitabu kilichozaa muvi ile, Starship Troopers cha Robert Heinlein, kilitoka Marekani mwaka 1959, na Heinlein hakuwa anatania. Alisomea uafisa katika chuo cha jeshi la majini, akaachishwa kazi kwa sababu ya kifua kikuu. Katika dunia aliyoibuni, haki ya kupiga kura wanapata tu waliomaliza utumishi wa kujitolea, ambao kwa wengi ni jeshi. Kuna somo shuleni la historia na maadili, na linafundishwa na askari wastaafu.

Kama mwanafunzi wa ualimu, sehemu hizo za darasani ndizo zilizonitisha kuliko vita. Mwalimu anauliza maswali makali, anadai uthibitisho, anambana mwanafunzi mpaka jasho. Ni ufundishaji mzuri kabisa! Lakini majibu yote yanaelekea upande mmoja. Hoja inayojengwa ni hii: viumbe huongezeka, nafasi haitoshi, anayeacha kujitanua humezwa na anayejitanua, kwa hiyo kuuliza kama binadamu ana haki ya kuenea angani ni kupoteza muda, ulimwengu wenyewe utatoa jibu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Hiyo ilikuwa hoja yangu ya nne ubaoni: makazi kwa ajili ya watu wao waliozidi. Niliiandika kwa chaki, vijana wakainakili, bila hata mmoja wetu kuuliza kama inatosha.

Heinlein ana jibu kwa wanaompinga: wadudu waliulipua mji wa Buenos Aires, ungefanya nini, uwahubirie? Ni swali la haki. Kujitetea hakuna anayekukatalia. Ugumu ni kwamba vita vya kuteka karibu vyote huanza kwa kuitwa vita vya kujitetea. Paul Verhoeven, aliyeongoza muvi ya 1997, alikuwa mtoto Uholanzi wakati Wanazi wameikalia nchi hiyo, na muvi yake ni kejeli: sare zinafanana na za Wanazi, na taarifa za habari zinapiga propaganda waziwazi. Mapema kabisa inaonyeshwa kwamba walowezi wa kibinadamu ndio waliokwenda kujenga ndani ya eneo la wadudu. Baadaye mwanahabari anagusia kwamba huenda sisi ndio tulioanza, na shujaa wetu anamkatiza. Yote yalikuwa mbele ya macho yetu siku ile. Tukashangilia tu. Hiyo ndiyo nguvu ya kuambiwa "mdudu" kabla hujaonyeshwa kitu kingine.

Waliokuwa vitani kweli

Joe Haldeman alipelekwa Vietnam akajeruhiwa huko. Kitabu chake The Forever War cha mwaka 1974 kinasomeka kama jibu kwa Heinlein, hata kama hakutaji. Askari wake, Mandella, alikuwa mwanafunzi wa fizikia. Katika shambulio la kwanza askari wamepandikizwa chuki akilini kwa maneno ya siri. Neno likitamkwa, wanachinja viumbe ambao hata hawajui kupigana. Baadaye Mandella anajua chuki ile haikuwa yake, lakini damu ni ya mikono yake. Halafu, kwa sababu muda unakwenda polepole kwa asafiriye karibu na kasi ya mwanga, anarudi kutoka vitani kila mara akikuta miaka mingi imepita. Vita vinachukua zaidi ya miaka elfu moja. Mwisho inafahamika kwamba vilianza kwa kutoelewana, na kwamba binadamu ndio waliopiga kwanza.

Orson Scott Card, katika Ender's Game cha 1985, anakwenda mbali zaidi. Mtoto anafundishwa kwa michezo ya vita kwenye mashine. Kwenye mtihani wa mwisho anailipua sayari nzima ya adui, kisha anaambiwa haukuwa mchezo: meli zilikuwa za kweli, na taifa zima limekufa kweli. Wale viumbe walikuwa wameshambulia mara mbili, hilo ni kweli, lakini baada ya hapo hawakurudi tena. Walikuwa wameelewa kwamba kila binadamu ana akili yake, na wakaacha. Safari ya tatu tulikwenda sisi. Swali linalobaki ni la kwetu walimu watarajiwa: mtoto akifanya uovu kwa utiifu na bidii, akapata maksi zote, nani aulizwe?

Na Ursula Le Guin, katika The Word for World Is Forest cha 1972, anamweka msomaji kwa wenyeji. Binadamu wameishiwa miti duniani, wamekwenda sayari ya Athshe kukata mbao. Sayari yenyewe wameipa jina lao, Tahiti Mpya. Wenyeji ni wafupi wenye manyoya ya kijani, wanafanyishwa kazi za kitumwa, wanaitwa kwa jina la dharau. Wao hawakuwa na desturi ya kuuana. Selver, ambaye mke wake amebakwa na kuuawa na kapteni mmoja, anawafundisha wenzake kuua, na wanashinda. Wageni wanaondoka. Ila kitabu hakimaliziki kwa ngoma. Ujuzi wa kuua umebaki, na Selver anajua hauwezi kurudishwa ulikotoka. Nimeusoma mwisho huo mara tatu. Sioni kwamba Le Guin anawalaumu Waathshe kwa kupigana. Anaongeza kwenye deni la mvamizi kitu ambacho vitabu vyetu vya historia mara nyingi havikihesabu.

Nikirudi darasani

Basi nimjibu nini yule kijana? Nimeziangalia tena zile hoja nne. Zote zinaanza na "walihitaji". Walihitaji hiki, walihitaji kile. Mwenye ardhi hayumo ndani ya sentensi hata moja. Ni kama sayari tupu.

Nadhani sasa ningemwambia hivi: ni sababu na ni visingizio, inategemea unazijibia swali gani. Ukiuliza kwa nini walitaka, ni sababu, na mtihani ukiuliza ziandike. Ukiuliza kwa nini ilikuwa sawa kuchukua, ni visingizio vitupu. Njaa inaeleza kwa nini mtu anatamani chakula. Haimpi ruhusa ya kuingia jikoni kwa jirani.

Na ningefanya zoezi moja. Ningefuta ubao, nikawaambia waandike upya hoja zote nne, lakini viumbe wa Mirihi ndio wanaohitaji, na mahali penyewe ni kijijini kwao. Kisha waniambie ni hoja ipi bado wanaikubali.

Kwa wewe utakayetafuta cha kusoma tukimaliza UE, anza na Le Guin, ni kifupi. Kisha Haldeman. Heinlein msome pia, tena kwa makini, maana anabishana vizuri kuliko wengi wanaompinga. Na ukiangalia ile muvi na wenzako hosteli, muda wa kushangilia ukifika, jikague kwanza umekaa upande gani, na nani aliyekuweka hapo.