Uvumilivu wa bahari si ruhusa ya kuendelea



Ukienda ufukweni saa saba mchana, mchanga unaunguza nyayo hadi unakimbia. Ukiingia majini unapata nafuu. Jua ni lile lile, lakini maji hayapati joto upesi kama mchanga. Muumba ameyapa uwezo wa kumeza joto jingi kabla ya kuonyesha badiliko. Takribani mita tatu tu za juu za bahari zinaweza kubeba joto sawa na hewa yote inayoizunguka dunia.

Uwezo huo ndio unaotusitiri leo. Tunapochoma makaa ya mawe, petroli na dizeli, hewa ukaa huongezeka angani na kuzuia joto lisitoke. Wanasayansi hupima bahari kwa maelfu ya vyombo vinavyozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10, vikituma vipimo kwa setilaiti. Vipimo vya baharini vinaonyesha kuwa tangu miaka ya 1970, takribani asilimia 90 ya joto hilo la ziada limeingia baharini. Joto tunalolilalamikia huku nchi kavu ni sehemu ndogo tu iliyobaki.

Lakini anayebeba kimya si kwamba haumii. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa, na humo ndimo samaki wengi wanamozaliana na kujificha. Maji yakipata joto pia hutanuka, nayo bahari hupanda na kula fukwe.

Zanzibar, kilimo cha mwani kiliwapa akina mama wengi fedha yao wenyewe. Hufunga mwani kwenye kamba na vigingi maji yanapokupwa. Sasa maji ya kina kifupi yamezidi joto, na kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, huugua na kukatika kabla ya kuvunwa. Kuhamia kwenye kina kirefu kunahitaji mtumbwi na kujua kuogelea. Wengi wa akina mama hao ni Waislamu. Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari ya Msamaria, ambaye hakumuuliza majeruhi anaabudu wapi.

Katika Warumi sura ya 2, Mtume Paulo anawaonya wanaouchezea uvumilivu wa Mungu. Wanadhani kwa kuwa adhabu haijaja, basi hakuna kosa. Kumbe Mungu anawapa nafasi ya kutubu. Nasi tumeuchukulia hivyo ukimya wa bahari.

Utasema, sisi Waafrika tumechoma kidogo. Ni kweli, na haki inadai waliochoma zaidi wabebe zaidi. Hata hivyo, anayekata mikoko au kuvua kwa baruti anampiga mgonjwa. Hapo hatuwezi kumnyooshea kidole mtu wa mbali.

Tukumbuke pia kwamba Daudi alisamehewa, lakini matokeo ya dhambi yake yaliendelea nyumbani mwake. Joto lililokwisha kuzama vilindini litakaa humo karne nyingi. Toba yetu haitaliondoa kesho, ila itazuia kuongeza jingine juu yake, na hilo ni deni letu kwa watoto tunaowabatiza leo.

Wiki hii, jumuiya yako na ijiulize: nani miongoni mwetu anaishi kwa bahari, na amepoteza nini? Mtembeleeni. Kama kuna mikoko ya kupanda, pandeni pamoja naye. Na tuwaombee viongozi wanaokaa mezani kujadili hali ya hewa, wasiondoke na maneno matupu.

Ee Bwana, uliyeiwekea bahari mipaka yake, tufundishe nasi kuijua yetu. Amina.