KUMLINDA MTOA HUDUMA YA KWANZA

Katika viwanda vya kuchambua pamba na maghala ya vyama vya ushirika, ajali haziishi. Meno ya mashine hukata kidole. Shazia humchoma mshona magunia. Anayekimbilia kuokoa ni mfanyakazi mwenzao aliyefunzwa huduma ya kwanza, na mara nyingi hukimbia mikono mitupu.

Damu yaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na vya UKIMWI. Virusi hivyo havipenyi ngozi nzima, bali hupitia jeraha, mchubuko, macho au mdomo. Vile vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka. Hivyo doa la jana sakafuni si la kudharauliwa.

Kwa kuwa mwenye virusi hatambulikani kwa kutazamwa, kanuni ni moja: damu ya kila mtu ihesabiwe kuwa ya hatari, iwe ya meneja au ya kibarua. Kuvaa glavu si kumtuhumu majeruhi.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na jozi kadhaa za glavu za kutumiwa mara moja, na lisifungiwe ofisini.

2. Watoa huduma wapatiwe chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida dozi ni 3: ya pili hufuata baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza.

3. Majeruhi mwenye nguvu abonyeze jeraha lake mwenyewe kwa kitambaa safi, wakati msaidizi anavaa glavu.

4. Damu iliyomwagika ifutwe kwa dawa ya klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuvua glavu.

Damu ikimwingia mtoa huduma jerahani, aoshe kwa maji mengi na sabuni bila kuminya. Ikimwingia machoni, asafishe kwa maji safi. Kisha aende hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa kwa siku 28. Katibu aliandike tukio katika daftari la ajali, na siri ya mhusika itunzwe.

Gharama ya glavu ni ndogo. Ni wajibu wa kila katibu kuiingiza katika makisio ya mwaka, kwani anayejitolea kuwaokoa wenzake hapaswi kulipia wema huo kwa afya yake.