Kupanga Nyumba ya Mapumziko Mashambani Kusini mwa Ufaransa

Familia inayokwenda kupumzika mashambani kusini mwa Ufaransa mara nyingi haichukui vyumba vya hoteli, bali hupanga nyumba nzima kwa wiki, ambayo Wafaransa huiita gîte, yenye jiko lake, vyombo vyake na uwanja wake, na ambamo wageni hujipikia na kujifagilia wenyewe hadi siku ya kurudisha ufunguo. Utaratibu huu haukubuniwa na wafanyabiashara wa utalii. Ulizaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati vijana walipokuwa wakivihama vijiji vya milimani na majengo mengi ya wakulima kubaki matupu, ilhali mijini walikuwako wafanyakazi ambao sheria ya mwaka 1936 ilikwisha kuwapa likizo yenye malipo, lakini ambao mishahara yao haikutosha kulipia hoteli za pwani. Seneta Émile Aubert, wa jimbo lililoitwa wakati huo Basses-Alpes na ambalo leo ni Alpes-de-Haute-Provence, alitaka shida hizo mbili zitatuane: mkulima asaidiwe kukarabati jengo lisilotumika, na yeye akubali kulipangisha kwa familia za mjini. Nyumba ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa jimboni humo mwaka 1951, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la taifa, Gîtes de France, ambalo hupima ubora wa nyumba za wanachama wake kwa masuke ya ngano, kuanzia suke moja hadi matano. Masuke hayo yasichanganywe na nyota, ambazo ni kipimo rasmi cha serikali kwa nyumba zote za kupangisha watalii.

Asili hiyo ya kikulima inaonekana katika jengo lenyewe. Nyumba ya shamba ya Provence, iitwayo mas, hujengwa kwa mawe, kuta zake ni nene, na uso wake huelekezwa kusini, huku upande wa kaskazini ukiachwa na madirisha madogo sana au bila dirisha lolote, kwa sababu ndiko unakotoka Mistral, upepo mkali na mkavu unaoteremka bonde la mto Rhône na ambao unaweza kuvuma kwa siku kadhaa mfululizo. Katika sehemu nyingi miti ya saipresi hupandwa kwa safu ili kuukinga. Nyumba nyingi za zamani hazina kiyoyozi, nazo hazikihitaji sana iwapo mpangaji atafuata desturi ya wenyeji: asubuhi, jua likianza kuwa kali, vioo hufungwa pamoja na vibao vya mbao vilivyo nje ya madirisha, na ndani hubaki giza na ubaridi hadi jioni, ndipo kila kitu hufunguliwa ili hewa ya usiku iingie. Mgeni anayefungua madirisha yote saa saba mchana akidhani anatafuta upepo huingiza joto ambalo kuta hizo zitalitunza hadi usiku wa manane, kisha hulalamika kwamba nyumba ni mbovu.

Penye bwawa la kuogelea, wazazi wana sababu ya kuuliza maswali kabla ya kulipa. Sheria ya tarehe 3 Januari 2003, iliyotungwa kwa sababu ya watoto wadogo waliokuwa wakifa maji, inamlazimu mwenye bwawa lililochimbwa ardhini kuweka walau kinga moja kati ya nne, yaani uzio, king'ora, kifuniko au paa la kulifunika lote. Lakini mabwawa yanayosimamishwa juu ya ardhi hayamo katika sheria hiyo. Hatari nyingine ya kiangazi ni moto wa misitu, na kwa hiyo katika majimbo kama Bouches-du-Rhône njia za kuingia msituni huweza kufungwa siku za upepo na ukavu, na kuchoma nyama kwa makaa karibu na vichaka ni jambo lisilofaa kujaribiwa.

Mwezi Julai na Agosti nyumba nyingi hupangishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, na kodi huwa juu kuliko wakati wowote wa mwaka. Matokeo yake ni misururu mirefu ya magari katika barabara kuu ya A7 iendayo kusini, kiasi kwamba serikali ina huduma ya kutabiri misongamano, Bison Futé, inayozipa siku rangi, na nyeusi ndiyo mbaya kuliko zote. Asiyefungwa na likizo za shule atafaidika zaidi mwezi Juni au Septemba. Gari, hata hivyo, ni lazima wakati wote, kwa kuwa vijiji vingi havina basi la kutegemewa, na mahitaji ya jikoni hupatikana kwa kufuata siku za soko: Lourmarin Ijumaa, Apt Jumamosi, L'Isle-sur-la-Sorgue Jumapili.

Mkataba ndio unaohitaji jicho kali. Fedha zinazotangulizwa zikiandikwa arrhes, ni arbuni: mpangaji akighairi huzipoteza, na mwenye nyumba akighairi hurudisha maradufu. Zikiandikwa acompte, ni sehemu ya kodi yenyewe, na pande zote mbili zimekwisha kufungwa, hivyo anayejitoa anaweza kudaiwa fidia. Juu ya hizo kuna amana ya uharibifu, kodi ndogo ya utalii inayolipwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na mara nyingi gharama ya mashuka na usafi wa mwisho. Kwa anayesafiri kutoka Nairobi au Dar es Salaam, mkataba huo una kazi ya ziada, kwani ombi la viza ya Schengen hudai uthibitisho wa malazi.

Siku ya kufika, mwenye nyumba na mpangaji hupita chumba kwa chumba wakiandika hali ya nyumba, na orodha ya vyombo huweza kutaja hata vijiko na bilauri. Bilauri yenye ufa itajwe hapo hapo, kwa sababu orodha ileile ndiyo itakayosomwa asubuhi ya kuondoka, kabla ya amana kurudishwa.