Mtoto Mwenye Usonji: Mlango wa Kwanza wa Huduma Uko Karibu na Nyumbani

Wazazi wengi ambao mtoto wao amechelewa kuzungumza huanza kutafuta msaada mbali: kwa mganga wa kijiji cha jirani, kisha kwa mwingine wa wilaya ya pili, na mwisho katika hospitali ya mji mkubwa. Miaka hupita njiani, nayo ndiyo miaka ambayo mtoto hujifunza kwa wepesi zaidi. Makala haya yanaeleza usonji ni nini, na mzazi wa Loya, Goweko au Ilolangulu aanzie wapi.

Usonji ni nini

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu na anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Daktari Leo Kanner aliieleza kitaalamu nchini Marekani mwaka 1943. Kwa miaka mingi baadaye, baadhi ya wataalamu walidai kwamba chanzo chake ni mama asiye na upendo. Utafiti ulikwishalikanusha dai hilo. Usonji hauletwi na malezi mabaya, laana, uchawi wala chanjo, na kwa hiyo hakuna sababu ya mama kunyooshewa kidole na wakwe au majirani.

Zipo dalili za kuangaliwa: mtoto wa mwaka 1 hageuki anapoitwa jina lake, wa mwaka mmoja na nusu haoneshi kitu kwa kidole, wa miaka 2 haunganishi maneno mawili, au mtoto anapoteza maneno aliyokuwa nayo. Wengine hurudia tendo moja kwa muda mrefu, huziba masikio penye kelele, au hulia sana utaratibu wa nyumbani ukibadilika. Dalili moja peke yake haithibitishi usonji, lakini inatosha kumpeleka mtoto akapimwe.

Aanzie zahanati

Mzazi asisubiri kwa kuambiwa kwamba mtoto atazungumza akikua. Amfikishe zahanati akiwa na kadi ya kliniki, na aeleze historia yote: mimba, uzazi, degedege, na kama mtoto aliwahi kuugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Maradhi hayo yanaweza kumwachia mtoto uziwi au ugumu wa kusema, na daktari anahitaji kuyatenganisha na usonji. Kwa mujibu wa sera ya afya, watoto walio chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma.

Kutoka zahanati, rufaa huelekea kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, na inapobidi Bugando jijini Mwanza. Mzazi aombe barua ya rufaa na aitunze, kwa kuwa ataihitaji pia shuleni na ustawi wa jamii.

Kipimo cha kwanza cha kuomba ni cha usikivu. Tabora ina Shule ya Viziwi tangu mwaka 1963, na Shule ya Furaha inayopokea wanafunzi wasioona. Kwa sababu hiyo ulemavu wa macho na masikio unafahamika vizuri mkoani, lakini mtoto mwenye usonji asiyesema hudhaniwa kwa urahisi kuwa kiziwi. Mtoto asiyegeuka anapoitwa, lakini anayekimbilia mlio wa redio chumba cha pili, huenda anasikia.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Dawa hutolewa kwa matatizo yanayoambatana nao, kama vile kifafa. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, hivyo sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika nyumbani: kumkalia mtoto usawa wa macho, kutumia maneno machache, kumwonesha kitu huku kikitajwa jina, kufuata ratiba ileile kila siku, na kumsifu anapojaribu.

Haki ya kusoma

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale mahitaji ya mawasiliano maalumu yanapomlazimu kusoma kwingine. Mzazi akiambiwa kwamba shule haina nafasi kwa mtoto wa aina hiyo, asirudi nyumbani kimya. Amwone Afisa Elimu Kata, na asiporidhika, Afisa wa Elimu Maalumu wa halmashauri. Afisa huyo ndiye anayejua shule zenye kitengo cha elimu maalumu na walimu waliosomea fani hiyo.

Mzigo wa wengi

Zama za misafara, njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika hapa Unyanyembe, moja ikaelekea Ujiji na nyingine Karagwe. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo uliopimwa, takriban kilo 30, na shehena nzima ilifika kwa sababu iligawanywa mabegani mwa wengi. Katika kaya nyingi zenye mtoto mwenye usonji, shehena yote iko kwa mama: hawezi kwenda shambani wala mnadani kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Baba, shangazi na bibi wakipangiana siku, mama hupata nafasi ya kulima na kupumzika, na mtoto huzoea watu zaidi ya mmoja.

Kijiji nacho kina wajibu. Sheria hiyo ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mzazi ahakikishe mtoto wake anafahamika kwa kamati na kwa Mtendaji wa Kijiji, kwani mtoto asiyeandikwa popote hahesabiwi mipango inapopangwa. Afisa Ustawi wa Jamii hushauri familia na kufuatilia haki za mtoto.

Kumfungia ndani au kumfunga kamba mtoto kwa sababu ya hali yake ni ukatili. Anayeshuhudia jambo hilo atoe taarifa kwa Mtendaji, kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Mzazi mwenye shaka leo anahitaji vitu vitatu kwa safari ya kwanza: kadi ya kliniki, karatasi iliyoandikwa mambo aliyoyaona kwa mtoto na umri yalipoanza, na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza hadi zahanati.