Kukohoa Damu Baada ya TB: Acheni Kudai Dozi Nyingine

"Daktari, nilipona TB, sasa nakohoa damu. Niandikie dozi tena?" Swali hili nimeulizwa Kasese, magharibi mwa Uganda, nimeulizwa Bwera, na kila ninapojibu "hapana" mgonjwa huniangalia kana kwamba namnyima haki yake.

TB inaweza kurudi, na ndiyo maana makohozi hupimwa upya. Lakini damu peke yake haithibitishi kwamba imerudi. Shika picha yako ya zamani ya eksirei mbele ya dirisha. Mara nyingi utaona, sehemu ya juu ya pafu, doa jeusi lenye ukingo mweupe. Hilo ni shimo. Vijidudu vilikufa, shimo likabaki. Ukiona na donge jeupe ndani yake, huenda fangasi wamehamia humo.

Kuzunguka shimo hilo, mishipa inayotoka kwenye aota (mshipa mkuu utokao moyoni) kulisha njia za hewa hunenepa na kupasuka. Damu yake ina shinikizo kubwa, na mishipa hiyo ndiyo chanzo cha takriban asilimia 90 ya visa vya kukohoa damu nyingi. Mara chache, tawi la ateri ya mapafu yenyewe huliwa ukuta hadi likatuna ndani ya shimo. Fritz Valdemar Rasmussen wa Denmark alilieleza jambo hilo mwaka 1868, na mwaka 1939 Oscar Auerbach alilikuta katika maiti 45 kati ya 1,114 za wagonjwa wa TB sugu ya mapafu.

Sasa niambieni: dawa ya TB kama rifampisini itauziba vipi mshipa uliopasuka? Dawa hiyo huua bakteria, basi. "Lakini jirani yangu alimeza vidonge vilivyobaki, damu ikakata." Ingekata hata angemeza maji. Damu ya aina hii mara nyingi hukoma yenyewe, kisha hurudi, na siku ya kurudi inaweza kuwa nyingi zaidi. Vidonge vimepewa sifa isiyo yake, ini limebebeshwa mzigo, na miezi ya kutafuta mshipa imepotea. Vidonge vya kuokoteza pia hulea usugu wa dawa. Hata kipimo cha makohozi cha GeneXpert kisomwe kwa makini kwa mtu aliyewahi kutibiwa, kwani kinanasa pia mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Shirika la Afya Duniani lilishaacha mwaka 2017 kupendekeza ile dozi ya marudio yenye sindano za streptomisini. Usugu upimwe kwanza.

Wengine, wakikumbuka Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa kutengwa Bwera, hujificha nyumbani wakiogopa damu yao itadhaniwa ni Ebola. Msijifiche. Kama kuna homa, au umekutana na mgonjwa wa Ebola, sema mlangoni.

La kufanya? Tema kwenye kikopo cheupe: nyekundu yenye povu yaelekea ni ya mapafu, nyeusi kama masimbi ya kahawa, ya tumbo. Lalia upande wa pafu bovu ili lile zima lisijae. Njia za hewa hubeba kama mililita 150 tu. Anayekufa hufa kwa kukosa hewa kabla damu haijamwishia. Hospitalini: oksijeni, dripu, kupima kundi la damu, asidi ya traneksamiki, makohozi, eksirei. Ikiendelea, rufaa: CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, kisha kuuziba mshipa kwa katheta, njia iliyoanzishwa na Jacques Rémy wa Ufaransa miaka ya 1970. Hospitali ya wilaya haina huduma hiyo. Ipo katika vituo vichache vikubwa, kama vya Nairobi, na damu inaweza kurudi hata baada yake. Mishipa itokayo kwenye aota ikizibwa na damu isikome, ateri ya mapafu ichunguzwe. Upasuaji ni kwa wenye pafu la kutosha kubaki nalo.

Ukija, njoo na picha zako zote za zamani na kadi ya matibabu. Na mtu akikupa dozi ya TB bila kupima makohozi, mwulize anatibu nini.