Silabi na Mofimu katika Kitenzi: Mintarafu ya Lugha za Tarasaa

Katika Tarasaa, eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, Kiswahili huwakutanisha wasemaji wa Kipokomo na wa Kiorma. Kipokomo ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, nduguye Kiswahili. Kiorma ni lugha ya Kikushi, ya jamii ya Kioromo. Makala haya yanafafanua suala linalowatatiza wanafunzi wa asili zote mbili, yaani tofauti baina ya silabi na mofimu za kitenzi.

Silabi ni kipashio cha matamshi, ilhali mofimu ni kipashio kidogo kabisa chenye maana. Kitenzi *tunawasomea* kina silabi sita: tu-na-wa-so-me-a. Mofimu zake pia ni sita: tu-na-wa-som-e-a. Idadi ni moja, lakini mipaka ni mbalimbali. Viambishi vya nafsi, wakati na mtendewa vinaoana na silabi, na hapo ndipo mwanafunzi hudhani kwamba sehemu zilizosalia zitaoana vilevile. Kumbe mzizi *-som-* umekatwa, kwa kuwa silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu. Atakayeshika *so* na *me* kuwa mofimu hataweza kueleza kwa nini kauli ya kutendea ni *-e-* katika *somea* lakini ni *-i-* katika *pikia*. Sababu imo katika irabu ya mzizi: *e* na *o* hufuatwa na *-e-*, *a*, *i* na *u* hufuatwa na *-i-*.

Aidha, idadi yenyewe huweza kutofautiana. *Amempa* kina silabi nne, a-me-m-pa, lakini mofimu tano, a-me-m-p-a. Mzizi *-p-* hauna silabi yake, ilhali *m* ni silabi kamili nayo ndiyo inayobeba mkazo.

Msemaji wa Kipokomo huukuta mpangilio aliouzoea, kwani lugha yake pia hutanguliza nafsi na wakati kabla ya mzizi. Hali ni tofauti katika jamii ya Kioromo. Katika neno *deemne*, yaani 'tulienda', mzizi *deem-* hutangulia na nafsi hufuata. Kihispania nacho huweka nafsi mwishoni: *hablamos*, yaani 'tunazungumza', kina mofimu habl-a-mos na silabi ha-bla-mos. Kwa hivyo, kosa la mwanafunzi lisichukuliwe kuwa uzembe. Huenda ni athari ya lugha yake ya kwanza.

Njia ya kuepuka utata huu ni kubadilisha kipande kimoja kimoja: *tunawasomea*, *mnawasomea*, *mliwasomea*, *mliwapikia*. Kipande kinachobadilika pamoja na maana ndicho mofimu. Mshairi ahesabu silabi ili atimize mizani nane za utenzi; mchanganuzi wa sarufi atafute mofimu. Kila mmoja ana kipimo chake, na kukopeshana vipimo ndiko kunakozaa makosa.